Kutu ya Miiba

Watu wakisikia kutu hufikiri chuma: ndoo iliyotoboka, bati la paa, msumari wa zamani. Mimi nafikiri jani. Jani la miiba ya kijitoni, juu kijani, chini jeupe kama limepakwa unga wa muhogo, na juu ya weupe ule vidoa vya rangi ya chungwa. Ukikigusa kidoa, kidole kinabaki na vumbi. Ukijifuta kwenye kitenge, kitenge nacho kinashika. Ugonjwa huo ndio uliotulipizia kisasi. Dada yangu hakupenda kusimulia habari yake. Mimi napenda, na sasa yeye hayupo wa kunikataza.

Tulizaliwa wawili. Kwetu Katanga ndugu aliyekutangulia unamwita yaya, basi hapa nitamwita hivyo, maana sikuwahi kumwita kwa jina hata siku moja. Baba alikuwa fundi cherehani, mtoto wa watu wa Maniema waliofika Elisabethville wakati mji ungali vichuguu na mahema. Mama alikuwa mwenyeji wa hapa hapa. Wazee wake walikaa kando ya mito kabla hajaja mtu yeyote na habari za shaba. Baba alitupa sala na sindano. Upande wa mama tulipata kijito.

Kijito hicho kilikuwa nje ya mji, kando ya njia ya Kipushi. Maji yake yalifuatwa na mushitu, ule msitu mwembamba wenye giza usioachana na maji, na pembezoni mwa mushitu, pale jua linapopenya, miiba ilijisokota mpaka huoni ilipoanzia. Wazungu walikuwa na jina lao la miiba ile. Sisi tulisema tu matunda ya miiba. Tunda lake ni kama shanga nyingi zilizoshikana. Likiiva linakuwa jekundu la kukaribia weusi, na mdomoni linaanza kwa ukali kisha linakuja kwa utamu.

Wanawake wengi wa Kenya tulikwenda huko mvua zikikolea. Nasema Kenya, mtaa wetu wa wafanyakazi, si ile nchi ya mbali. Tulikwenda na vikapu, tukichubuka mikono, tukirudi na vidole vyeusi. Bibi mzaa mama ndiye aliyetufundisha namna ya kukaa na miiba ile. Wakati wa baridi, majani yakishakauka, tulikata fito za zamani na kuzichoma pamoja na majani yaliyoanguka. Na kichaka kikionekana na lile vumbi la chungwa, kilikatwa siku hiyo hiyo, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kupita hapo na nguo mbichi kisha kwenda kwenye kichaka kizima. Sababu hakutueleza. Alisema tu:

"Ile vumbi inapendaka maji, na inapendaka nguo ya muntu."

Hiyo ndiyo elimu yote tuliyokuwa nayo.

Yaya alikuwa mchumaji hodari kuliko sisi sote, na yeye ndiye aliyeanza kuyapeleka matunda kwa Wazungu. Nyumba aliyoipenda ilikuwa ya mwisho kabisa mjini kwao, pale barabara inapoelekea Kipushi, yenye baraza pana na bustani kubwa nyuma. Bwana wa nyumba alikuwa mhandisi. Madamu hakuwa na kazi isipokuwa bustani yake. Alinunua matunda ya yaya mwaka wa kwanza, akanunua wa pili, na baadaye akawa hanunui tena kwa mtu mwingine. Walikaa wote wawili kwenye ngazi za jikoni, yaya akimwonyesha tunda gani limeiva na lipi linadanganya kwa rangi tu, na madamu akimfundisha kuyachemsha na sukari mpaka yagande kwenye kijiko. Alimwita Mama Matunda. Siku moja ya baridi alimvulia sweta yake mwenyewe, ya sufu ya bluu, akamvika. Yaya aliivaa sweta ile kwa majivuno yaliyonichosha. Aliivaa sokoni, aliivaa kwenye matanga, aliivaa hata jua likiwa kali.

Nataja mambo haya ili ieleweke kwamba hawakuwa watu waliopishana njiani. Walijuana.

Yaya alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto. Mume wake, fundi wa malori, hakumpiga wala hakumletea mke wa pili, lakini mama mkwe alikuwa akija na kukaa uani na kuhesabu watoto wa majirani kwa sauti. Kisha, mwaka mmoja baada ya vita vya Wazungu kwisha, tumbo la yaya likashika. Aliniambia mimi kabla ya mume wake. Tulikuwa tunaosha sombe, majani ya muhogo, bombani, akaniinamia na kusema, "Mi niko na muntu mu tumbo," kisha akaendelea kuosha kana kwamba amesema bei ya chumvi.

Mtu wa tatu kuambiwa alikuwa madamu.

Na ni katika furaha hiyo madamu alipomwomba amwonyeshe mahali matunda yanapotoka. Yaya alimpeleka. Mimi nilikuwepo. Tulipita kwenye majani marefu, madamu akishika ncha ya gauni lake, yaya akimtangulia na kumrudishia matawi ya miiba nyuma yasimchubue uso. Alimwonyesha vichaka vya kuzaa sana. Alimwonyesha mpaka kile cha bibi, kilichokuwa kikubwa kama nyumba. Madamu alisimama akiangalia kulia na kushoto, akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Hii yote iko ya nani?"

Yaya akacheka. "Ya nani? Ni ya Mungu, madame. Na ya sisi."

Baridi ilipofika, hatukuweza kwenda kuchoma fito. Tulikuta waya. Serikali ilikuwa imemkatia bwana mhandisi kipande kile cha ardhi, kutoka barabarani mpaka majini, awe na shamba la kupumzikia siku za Jumapili. Palikuwa na ubao wa maandishi ya Kifaransa na mlinzi mwenye rungu. Vichaka bora vilikuwa vimeng'olewa na udongo wake na kupelekwa kwenye bustani ya mjini, vikapandwa kwa mstari na kufungwa kwenye nyaya. Pale palipokuwa na kichaka cha bibi palibaki shimo.

Wachumaji wenzetu walimtazama yaya. Walijua ni nani aliyemwonyesha madamu njia.

Yaya hakuamini. Alisema madamu hajui kwamba tunazuiwa. Mlinzi ndiye mjinga. Akijua ataamuru tufunguliwe. Mvua zilipoanza na matunda yaliyobaki kuiva, alichukua kikapu akapita chini ya waya, tumbo lake likiwa limeshaonekana, na sweta ya bluu mwilini. Mimi nilikuwa nyuma yake, bado niko nje ya waya, nikitafuta mahali pa kupitia. Nikasikia mlinzi akipiga filimbi. Bahati mbaya kulikuwa na askari polisi barabarani na baiskeli yake.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili na wenye shamba walikuwepo, wamekaa kwenye viti vya turubai pamoja na wageni. Askari alimleta yaya mbele yao, kikapu kimejaa mkononi. Mimi nilikimbia barabara yote kuzunguka mpaka kwenye lango, nikaingia bila kuitwa, nikapiga goti mbele ya madamu.

"Madame," nikasema, "huyu ni yaya yangu. Mama Matunda. Umwambie polisi kama unamujua."

Madamu aliwaangalia wageni wake. Mmoja wao, mwanamke mwenye kofia, alikuwa akitabasamu kama mtu anayengoja kuchekeshwa. Kisha madamu akamwangalia yaya, akaitazama sweta yake mwenyewe juu ya tumbo lile, akasema:

"Mimi hapana jua yeye."

Nilimwangalia yaya. Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Askari alimfunga mkono kwenye usukani wa baiskeli, akamtembeza hivyo mpaka mjini.

Alikaa gerezani mpaka mvua zikaanza kupungua. Wanawake wafungwa walitwanga mahindi ya wenzao, kutwa nzima, kwa mchi mzito wa mti mbichi. Yaya alisema alimwonyesha msimamizi tumbo lake, na msimamizi akamwambia hata huko vijijini wenye mimba wanatwanga. Siku aliyofunguliwa nilikwenda kumpokea na mume wake. Alitoka akitembea polepole, nguo imelegea mbele. Mume wake aliangalia tumbo kisha akaangalia mahali pengine. Mtoto alikuwa wa kiume. Walimwambia hivyo walipomchukua. Hakuonyeshwa alikozikwa. Na daktari wa wanawake, alipompima baadaye, alisema asitarajie mwingine.

Sweta ya bluu alirudi nayo. Niliichukua nikaitia motoni kwenye jiko la uani, na hakunizuia.

Mimi nilitaka damu. Nasema wazi. Nilikuwa mke mpya wa mtu, nilikuwa nikipika bukari na kufagia uwanja kama wengine, na wakati wote nikisonga ule ugali mikono yangu ilikuwa ikifikiria shingo ya yule mwanamke. Niliomba nyumba yake ishike moto. Niliomba nyoka. Baada ya sala, mikono ingali wazi, niliomba mambo ambayo hayaombwi mikono ikiwa vile. Yaya alinisikia siku moja, akanishika kidevu.

"Usimuombee kufa," akasema. "Muntu akishakufa, hajue kintu tena. Miye nataka ajue."

Neno hilo nilikaa nalo mwaka wote ule.

Madamu alikuwa na mtunza bustani, mzee wa Kiluba aliyekaa Kenya, nyumba chache kutoka kwetu. Alikuwa mtu wa maneno machache na aliyajua yaliyotokea. Siku ya yaya kufunguliwa alituletea kuku bila kusema ni wa nini. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, alipita uani kwetu akitoka kazini, akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akanyoosha kiganja. Katikati ya kiganja palikuwa na vumbi la chungwa.

"Miiba ya madame imeshikwa," akasema.

Yaya aliacha kuchambua mchele. Akachukua kiganja cha yule mzee akakisogeza karibu na macho, akakinusa. Nilimwona akitabasamu, na sikuwa nimeliona tabasamu lake tangu Jumapili ile. Halikuwa tabasamu zuri.

Vichaka vile vilihamishwa baridi bila kuchomewa majani yake, vikaja na ugonjwa ndani ya udongo au ndani ya fito, sijui. Sisi hatukuupeleka. Ningependa kusema tuliupeleka. Ulikwenda wenyewe, pamoja na mali iliyoibwa.

Siku chache baadaye mzee alirudi. Safari hii alikuwa ametumwa. Madamu alitaka aletewe yule mama wa matunda. Alimwambia mzee nyumba ya yaya iko mtaa gani, karibu na kisima gani, mume wake anafanya kazi wapi. Yote aliyakumbuka. Yaya alimsikiliza mzee mpaka mwisho, akajifunga kitenge kizuri, akaniambia twende.

Tulipita mlango wa nyuma. Bustani ilikuwa nadhifu kama kitanda kilichotandikwa, na katikati yake miiba yetu, imesimamishwa kwa nyaya kama wafungwa. Majani ya chini yalikuwa yameanza kuwa ya manjano. Madamu alitoka akiwa na kofia ya majani na mikasi mkononi. Uso wake ulikuwa umechangamka.

"Ee, Mama Matunda," akasema. "Siku mingi. Wewe ilikuwa wapi?"

Nilihisi miguu yangu ikitaka kwenda mbele. Yaya alinishika mkono, akanibana mpaka kucha zikaingia.

"Nilikuwaka tu, madame," akajibu.

Madamu hakungoja zaidi. Alitueleza kwamba Wazungu wa mji walikuwa wakijiandaa kwa maonyesho ya bustani na vyakula vya nyumbani. Kwamba yeye ndiye wa kwanza kulima matunda ya pori la Katanga. Kwamba wakubwa wangekuja kuonja. Na sasa miti ilikuwa migonjwa. Alikuwa ameuliza Wazungu wenzake, mmoja alimwambia akate yote, lakini hakutaka kukata kabla ya kuzaa. Alitaka dawa ya watu weusi. Hayo ndiyo maneno yake: dawa ya watu weusi. Alisema alijua sisi tuna siri zetu.

Yaya alipita kwenye mstari polepole. Aligeuza jani hili, akageuza lile. Mzee wa bustani alikuwa amesimama na reki yake, akituangalia. Kisha yaya akarudi mbele ya madamu, akakunja mikono kifuani kwa heshima, akampa maneno ya bibi, yote, moja baada ya jingine, akiwa ameyageuza chini juu.

"Usikate, madame. Ukikata, inakasirika. Ile majani yenye ilianguka, uiache kule chini, inalishaka mama yake. Na kila magaribi umwangie maji. Haiko chini. Juu, ku majani, mpaka inalowa yote."

Madamu alitikisa kichwa, akarudia polepole ili asisahau. Akamgeukia mzee ampe amri. Hapo ndipo yaya alipoongeza neno ambalo sikulitarajia.

"Haiko yeye. Ufanye na mukono yako. Muti inajuaka mwenyewe wake. Kama muntu mungine anamwangia, haiwezi kupona. Upite katikati, uguse moja, uguse ingine, uongee nayo."

Macho ya mzee na ya yaya yakakutana. Mzee akainama akaendelea na reki. Nilielewa baadaye, tulipokuwa barabarani: alikuwa amemtoa yule mzee kwenye kosa. Mti ukifa, mkono utakaokuwa umeuua utajulikana ni wa nani.

Madamu alitaka kutupa matabishi, vijisenti vya shukrani. Yaya akasema siyo lazima, dawa ya kununuliwa haifanyi kazi.

Basi akaanza. Mzee alitusimulia jioni kwa jioni, kwa uso usiocheka, nasi tukimkaribisha chai ili asiharakishe. Madamu alitoka kila magharibi na gauni lake jeupe na kopo lenye mdomo mrefu, akamwagilia kutoka juu mpaka majani yakadondosha matone. Alipita katikati ya mistari, gauni bichi likigusa huku na huku. Aliongea na miti kwa Kifaransa. Gauni likawa na madoa ya chungwa mapajani, dobi akashindwa kuyatoa. Marafiki zake walikuja kumtazama, naye aliwaeleza kwamba ni siri aliyopewa na mwanamke wa porini aliyekuwa rafiki yake mkubwa. Mzee aliporudia neno lile, rafiki, yaya aliinua kichwa, kisha akamwongezea mzee sukari.

Mimi nilikuwa na furaha. Wengine wangeandika hapa kwamba walianza kumhurumia. Sikumhurumia hata kidogo. Nililala vizuri majuma yale, nikanenepa.

Kutu haikuchelewa. Mvua ya mbinguni iliongezea maji ya kopo, na majani ya chini yaliyoachwa yaoze yakawa kama kitanda cha ugonjwa. Kwanza vidoa, kisha jani zima, kisha fito changa zikatoka nyembamba, zimepauka, zimejikunja. Maua machache yaliyofunguka yakatoa vitu vidogo vikavu kama mavi ya mbuzi. Siku ya maonyesho meza ya madamu ilikuwepo kwa sababu nafasi ilikuwa imeshachukuliwa, na kadi yake ya maandishi mazuri, na juu yake chupa za mwaka wa nyuma ambazo kila mtu alikuwa ameshazionja. Mzee ndiye aliyezibeba. Alisema wakubwa walipita mbele ya meza ile wakizungumza mambo mengine, na yule mwanamke mwenye kofia, mgeni wa Jumapili ile, aliuliza kwa sauti habari za rafiki wa porini.

Siku iliyofuata gari lilisimama mbele ya nyumba ya yaya.

Mwanamke wa Kizungu peke yake katika mtaa wa Kenya, mchana kweupe, ni jambo lililowatoa watu majikoni. Alishuka bila kofia. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya chungwa kwenye mikunjo, kama vya mtu aliyepaka hina vibaya. Mimi nilikuwa uani na yaya tukitwanga. Yaya aliendelea kutwanga mpaka akamaliza kilichokuwa kinuni, kisha akauegemeza mchi ukutani.

"Wewe nadanganya mimi," madamu akasema.

"Njo vile, madame."

Nadhani hakutarajia jibu hilo. Alitarajia tukatae, tulie, tuombe radhi. Alisimama akitafuta maneno katika Kiswahili chake kidogo.

"Juu ya nini? Mimi nafanya wewe muzuri. Mimi napa wewe nguo. Mimi nafikiri wewe rafiki."

"Nilikwambia maneno yenye muntu anaambiaka muntu mwenye hamujue," yaya akasema. Alisema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Siku ile ya polisi ulisema haunijue. Nilikuwa na mutoto mu tumbo, na ulijua. Alikufia mu gereza. Alikuwa mwanaume."

Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua wa michongoma. Madamu aliwaangalia, kisha akaliangalia tumbo la yaya, mahali pale pale alipoangalia Jumapili ile. Nikaona ujumbe umefika. Uso wake ulibadilika kuanzia mdomoni. Alisema jambo kwa Kifaransa, fupi, ambalo sikulielewa na sikumwuliza mtu maana yake. Akarudi garini. Alishindwa kuwasha mara ya kwanza, na watu wote wakawa wanamtazama akishindwa.

Usiku tulingoja askari. Mume wa yaya alikaa mlangoni. Hawakuja. Angewaambia nini? Kwamba alimwagilia miti yake mwenyewe?

Ningeweza kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Bwana mhandisi alichoka na aibu, akaamuru miiba yote ing'olewe. Hawakuichoma. Waliipakia kwenye lori, wakaimwaga shambani kwao kando ya kijito, juu ya vile vichaka vichache vilivyobaki. Upepo ulikuwepo, mvua ilikuwepo. Msimu uliofuata kutu ilitembea mushitu wote, ndani ya waya na nje ya waya, mpaka huko mbali ambako wachumaji wenzetu walikuwa wamehamia tangu tulipofungiwa. Vikapu vilirudi vitupu. Mwanamke mmoja mzee, aliyekuwa akichuma na bibi yetu tangu ujana wao, alikuja uani akaketi uso kwa uso na yaya.

"Mulimuua muzungu wenu," akasema, "na mukatuua na sisi. Ulijua kama itarudia?"

"Nilijua kama inaweza," yaya akasema.

"Na ulifanya."

"Nilifanya, mama. Na ningefanya tena. Lakini twende, nitakata wa kwanza."

Yule mama alimtazama sana. Alikuwa amezaa na kuzika. Mwishowe akasema, "Lete panga."

Baridi ile tulikwenda wote, wanawake wa mtaa mzima. Mlinzi alikuwa ameshaondolewa. Wenye shamba walikuwa hawaji tena Jumapili. Yaya alitangulia. Tulikata kuanzia majini mpaka barabarani, tukakusanya fito na majani, tukachoma mchana kutwa. Moto ulipofika kwenye waya, hakuna aliyeuzuia. Nguzo zilikuwa za mti na ziliungua vizuri sana. Nilisimama mbele ya ule ubao wa Kifaransa mpaka ukaanguka, macho yakiniwasha kwa moshi, na nilimwomba Mungu radhi kwa yale niliyoyaomba zamani, isipokuwa moja au mawili.

Miiba ya porini haifi kwa moto. Mizizi ilichipua. Ilichukua misimu kadhaa kabla ya kuzaa kama zamani, na hata hivyo vidoa vilionekana hapa na pale, tukawa tunakata. Yaya hakupata mtoto. Mume wake alikaa naye mpaka mwisho, na mama mkwe alikufa bila kuomba msamaha, naye hakusamehewa. Mtoto wangu wa pili aliishi kwa yaya zaidi kuliko kwangu, na sikumdai.

Matunda tuliyauza sokoni Kenya, na kando ya njia ya Kipushi kwa wafanyakazi wanaorudi. Mjini kwa Wazungu hatukupeleka tena. Wapishi wao walitumwa kutufuata, wakaongeza bei, yaya akawaambia yameisha wakati kikapu kiko mbele yao.

Siku moja, miaka ya mwisho kabla ya uhuru, tulikuwa tumekaa kando ya barabara na vikapu vyetu, gari likapunguza mwendo. Lilikuwa jingine, jipya, lakini aliyekuwa ndani ni yeye, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Kioo kilishuka. Aliangalia matunda, kisha akamwangalia yaya. Yaya alichukua kipande cha kitambaa akafunika kikapu chake, akakunja ncha chini vizuri, kila upande. Mimi nikafunika changu. Tukakaa hivyo, mikono mapajani, mpaka kioo kikapanda.